Tone na Upepo (Sehemu ya 4): Modeli Ishuke Shambani

Tarehe 6 Februari 2024 mahakama ya shirikisho huko Arizona, Marekani, ilifuta vibali vya kunyunyizia dikamba, dawa ya kuua magugu, juu ya soya na pamba zilizokwisha kuota. Msomaji mmoja akaniuliza: Wamarekani wana modeli za kompyuta za kukadiria dawa itapeperuka hadi wapi, ilikuwaje basi mwaka 2017 ekari za soya zinazokadiriwa kufikia milioni 3.6 zikaharibiwa na dawa hiyohiyo?

Jibu linaanzia kwa mtu ninayempenda kuliko wote katika elimu hii ya matone na upepo. George Gabriel Stokes, mtoto wa mchungaji wa Ireland, hakuwahi kushika bomba la dawa. Mwaka 1850, akiwa profesa Cambridge, alitaka kujua kwa nini pendulamu hupungukiwa mwendo hewani. Hesabu zikamfikisha kwenye mpira mdogo unaoanguka, na ndani ya andiko lilelile la pendulamu akaeleza kwa nini mawingu hayatuangukii: tone likiwa dogo mno, hewa hulishikilia. Kipenyo chake kikipungua nusu, kasi ya kuanguka hushuka hadi robo. Kila ninapoona ukungu wa dawa nyuma ya trekta humkumbuka. Tone la mikroni 100 likitoka nusu mita juu hutua kwa sekunde mbili hivi. La mikroni 20 huhitaji kama 40. Upepo wa mita tatu kwa sekunde utalipeleka la kwanza mita sita, la pili zaidi ya mita mia, lisipokauka njiani.

Modeli ya Kimarekani ya AGDISP hufuata matone kwa hesabu za namna hiyo. Lakini modeli nyingine, AgDRIFT, kwa upande wa trekta, haifuati tone hata moja. Ni mistari iliyochorwa kutokana na majaribio ya Texas ya mwaka 1992 na 1993, yaliyoendeshwa na kikosi cha kampuni za viuatilifu. Inakuuliza nozeli ziko juu kiasi gani na matone ni ya ukubwa gani. Upepo wa siku hiyo haikuulizi. Wala haihesabu mvuke, na dikamba ikishatua huweza kugeuka mvuke na kuondoka tena.

Ndiyo maana nasisitiza upimaji. Rangi huchanganywa kwenye tangi, sahani hupangwa upande unakoelekea upepo, kisha kilichonaswa hulinganishwa na kilichotabiriwa. Wajerumani walifanya hivyo mara nyingi hadi wakapata majedwali yao: kwa mazao ya shambani, asilimia 2.77 ya dawa kwenye mita moja kutoka ukingoni, 0.57 kwenye mita tano. Modeli ikikadiria zaidi ya kilichopimwa, mkulima atapoteza vipande vya shamba kwa kuacha kingo pana bila dawa. Ikikadiria pungufu, atakayeumia ni jirani, na hilo mimi silisamehe.

Mwaka jana nilichomeka vijiti vyenye karatasi za njano katika shamba la vitunguu huko Mang'ola, Tanzania. Karatasi hizo hugeuka buluu zinapoguswa na tone. Kijana alibeba bomba mgongoni, nozeli ameinua hadi kifuani ili amalize upesi. Kwenye mita kumi karatasi ilijaa vidoa vidogo kama pilipili manga iliyosagwa. Hatua chache nyuma ya kijiti hicho palikuwa na mafiga matatu na sufuria isiyofunikwa. Simlaumu kijana zaidi ya sisi tuliosoma, ambao hatujampelekea hata kipimo kimoja.

Hakuna trekta ya Texas wala jedwali la Ujerumani linalomjua mtu huyu na bomba lake. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko Ngaramtoni, Arusha, ilikokuwa taasisi ya viuatilifu ya TPRI. Naiomba ipeleke karatasi na sahani Mang'ola msimu ujao, ipime bomba la mgongoni kwenye upepo wa saa nne asubuhi, na itangaze matokeo kwa wakulima wenyewe.