Mzee Aliyemaliza Dozi

Mzee yule hakukosea popote. Aliambiwa ameze kidonge kimoja kila siku, akameza. Alipewa vya mwezi mzima, akavimaliza bila kuruka hata siku moja. Kisha akaacha na kurudi kwenye alizeti zake, kwa kuwa dozi ilikuwa imekwisha. Nilimkuta kwenye benchi la zahanati moja ya Singida Vijijini, kichwa kinamgonga, presha imepita mbali ile 140 kwa 90 ambayo wauguzi wakiiona huanza kukunja uso.

Muuguzi hakumgombeza. Huyu, aliniambia baadaye, ni mwanafunzi wetu bora. Ni sisi tuliomfundisha neno dozi, na tulimfundisha kwa malaria: mseto, vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, jumla 24, na usiache hata ukipata nafuu. Maliza dozi! Miaka nenda rudi tumeimba hivyo, watu wakashika. Dozi ikawa kitu chenye mwisho. Leo unampa mtu yuleyule amlodipine, dawa ya presha, unamwambia hii ndiyo dozi yako, halafu unashangaa anapoimaliza? Presha haimalizwi, hushikwa tu isipande. Ukiiachia inarudi kimyakimya, na huenda ukaja kuisikia siku ya kiharusi.

Nilimuuliza uelewa wa namna hiyo unapimwaje. Vipimo vipo. REALM, kilichotungwa Marekani, humpa mgonjwa maneno 66 ya kitabibu ayasome kwa sauti. Kwa Kiingereza kina mantiki yake, maana maandishi ya lugha ile yana mitego. Kwa Kiswahili, mtoto wa darasa la tatu atakusomea "shinikizo la damu" bila kukwama, asijue ni mnyama gani. Wasemaji wa Kihispania nao huandika kama wanavyotamka, ndiyo maana kipimo kilichotungwa kwa ajili yao mwaka 2006, SAHLSA, kililazimika kuuliza na maana ya kila neno. Kingine, Newest Vital Sign, humpa mgonjwa lebo ya aiskrimu apige hesabu. Hapo muuguzi alicheka mpaka akashika meza.

Kipimo chake hakina karatasi. Zamani aliuliza, umeelewa? Wote walijibu ndiyo, kwa adabu tu. Nani atamwambia daktari hapana? (Hapa kila mwenye koti jeupe ni daktari.) Siku hizi anauliza: babu, ukifika nyumbani bibi akikuuliza umeambiwa nini, utamjibuje? Kisha ananyamaza, anasubiri. Neno dozi amelifukuza kwenye chumba cha presha. Anasema dawa ya kila siku, kama ugali.

Ila mzee, alipoulizwa hivyo, alijibu kwa Kinyaturu, na mjukuu aliyemsindikiza ndiye aliyetugeuzia kwa Kiswahili. Tafsiri ya mjukuu ilikuwa safi, safi kuliko nilivyotarajia, na ilikuwa fupi mno kuliko maneno ya babu yake. Muuguzi, ambaye si Mnyaturu, aliona hilo pia. Hapo alikuwa amepima uelewa wa nani?

Akaandika tarehe ya kurudi. Mzee akaitazama kadi, safari hii akasema mwenyewe kwa Kiswahili: kama ni ya kila siku mpaka nife, na siku ambayo sina nauli ya kuifuata?

Muuguzi alikuwa bado ameshika kalamu.