Suti ya neopreni ya watoto

Suti ya neopreni ya watoto ni vazi la kubana mwili linalotengenezwa kwa mpira wenye viputo vya gesi, na huvaliwa na watoto wanapocheza, kuogelea au kuteleza juu ya mawimbi katika maji ya baridi. Kazi yake ni kupunguza kasi ya mwili kupoteza joto. Suti hii haizuii maji kuingia: mtoto aliyeivaa hulowa, ila maji machache yanayoingia hubaki kati ya mpira na ngozi. Kwa hiyo ni tofauti na suti kavu, ambayo hubana shingoni na kwenye viganja ili maji yasiingie kabisa.

Vazi hili ni la kawaida katika nchi ambazo bahari yake ni ya baridi hata wakati wa kiangazi, kama vile Uingereza, Eire, pwani ya Atlantiki ya Ufaransa na pwani ya magharibi ya Marekani. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, ambako maji ya juu ya bahari huwa na joto la takriban 25 °C hadi 30 °C mwaka mzima, huvaliwa hasa na wapiga mbizi. Watoto huoga baharini bila kulihitaji.

Historia

Neopreni ni mpira wa kutengenezwa kwa kemikali. Ulibuniwa mwaka 1930 na wanakemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, na ulianza kuuzwa mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi ulitumika viwandani, kwa mfano katika mipira ya mashine na vifuniko vya nyaya za umeme.

Wazo la suti inayoruhusu maji lilitolewa na Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mnamo miaka ya 1951 na 1952. Wakati huo wapiga mbizi wa jeshi la majini walijaribu kujikinga na baridi kwa kubaki wakavu. Bradner alitambua kwamba mpiga mbizi hahitaji kuwa mkavu ili asipatwe na baridi, mradi avae kitu chenye viputo vingi vya gesi ndani yake. Hakuchukua hataza ya uvumbuzi huo.

Katika miaka hiyohiyo Jack O'Neill alikuwa akitafuta njia ya kukaa muda mrefu zaidi kwenye mawimbi ya San Francisco. Alifungua duka huko mwaka 1952, kisha akahamia Santa Cruz mwaka 1959, na kampuni yake ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa suti hizi. Kwenye maonyesho ya biashara aliwavisha watoto wake suti na kuwaweka ndani ya maji yenye barafu, ili wateja waone kwamba vazi linafanya kazi. Kusini mwa California, ndugu mapacha Bill na Bob Meistrell nao walitengeneza suti katika duka lao la Redondo Beach.

Suti za mwanzo zilikuwa za mpira mtupu. Ziling'ang'ania ngozi, zilihitaji kupakwa poda ili zivalike, na zilichanika kwa urahisi. Baadaye mpira ulianza kubandikwa kitambaa cha nailoni ambacho huteleza juu ya ngozi na kuzuia kuchanika. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyofanya suti iwe vazi ambalo mzazi anaweza kumvisha mtoto mdogo.

Jinsi inavyofanya kazi

Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa tulivu. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa nje kwa saa nzima kwenye hewa ya 15 °C akiwa na nguo nyepesi, lakini akiingia kwenye maji ya 15 °C huanza kupoa haraka.

Ndani ya neopreni mna maelfu ya viputo vidogo vilivyofungwa, kwa kawaida vyenye gesi ya nitrojeni. Gesi hupitisha joto kwa shida, hivyo viputo hivyo ndivyo vinavyokinga mwili. Watu wengi hudhani kwamba kinachomkinga mvaaji ni yale maji yaliyopashwa joto na ngozi. Maji hayo hayakingi baridi. Umuhimu wake ni kwamba yakishapashwa joto yabaki mahali pake. Yakitoka na mengine ya baridi yakaingia, mwili hulazimika kupasha joto upya, na joto lililotumika mwanzo limepotea.

Kwa nini watoto hupoa haraka

Mwili mdogo una eneo kubwa la ngozi ukilinganisha na uzito wake. Jambo hili huonekana kwa mfano wa michemraba. Mchemraba wenye upande wa sentimita 10 una ujazo wa sentimita za ujazo 1,000 na eneo la nje la sentimita za mraba 600. Ukiongezwa upande hadi sentimita 20, ujazo huwa 8,000 lakini eneo la nje ni 2,400 tu. Ujazo umeongezeka mara 8, eneo mara 4. Mtoto ni kama ule mchemraba mdogo: joto analotengeneza ni kidogo, na ngozi ya kulipoteza ni kubwa kwa kulinganisha.

Zaidi ya hayo, watoto wengi wana mafuta kidogo chini ya ngozi kuliko watu wazima, na kichwa chao ni sehemu kubwa zaidi ya mwili. Aidha, mtoto aliyenogewa na mchezo mara nyingi hasemi kwamba anasikia baridi, au hukataa kutoka majini hata anapotetemeka. Mtu mzima aliyesimama naye kwenye maji yaleyale hawezi kutumia mwili wake mwenyewe kama kipimo.

Unene na aina

Unene wa suti hupimwa kwa milimita. Maandishi 3/2 yana maana kwamba mpira una milimita 3 kiwiliwili na milimita 2 mikononi na miguuni, mahali panapohitaji kujikunja. Suti za 4/3 na 5/4 hufuata utaratibu uleule.

Suti fupi huishia juu ya magoti na viwiko, na hutumika pale ambapo maji si ya baridi sana. Suti ndefu hufunika mwili kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu na viganja. Katika bahari ya Uingereza watoto wengi huvaa suti ndefu ya 3/2 wakati wa kiangazi, na nene zaidi katika majira ya kuchipua na ya kupukutika kwa majani. Viatu, glavu na kofia vya neopreni huongezwa maji yanapokuwa ya baridi zaidi.

Mishono nayo huleta tofauti. Mshono wa kawaida uliotobolewa na sindano kutoka upande mmoja hadi wa pili hupitisha maji kidogo, na hufaa kwa kiangazi. Katika suti za baridi kali vipande huunganishwa kwanza kwa gundi, kisha hushonwa bila sindano kutoboa mpira wote.

Kuchagua ukubwa

Suti nene iliyopwaya humkinga mtoto vibaya kuliko suti nyembamba inayomkaa sawasawa, kwa sababu kila anapojongea maji ya baridi huingia na yaliyopata joto hutoka. Kwa hiyo desturi ya kununua nguo kubwa ili mtoto aifikie mwaka unaofuata haifai kwa vazi hili.

Suti inayofaa hubana mwili wote bila kuacha mifuko ya hewa kwapani, kwenye sehemu ya chini ya mgongo wala nyuma ya magoti. Inapokuwa kavu huonekana kubana kupita kiasi, lakini hulegea kidogo ikilowa. Hata hivyo mtoto lazima aweze kuvuta pumzi ndefu, kuinua mikono juu ya kichwa na kuchuchumaa bila shida. Ikimkaba shingoni au kumzuia kupumua vizuri, ni ndogo.

Kwa kuwa watoto hukua haraka, familia nyingi hurithishana suti, hununua za mitumba, au hukodi kwa siku. Kabla ya kununua iliyotumika, ni vyema kuivuta taratibu na kukagua mishono, zipu na magoti. Mpira uliozeeka huwa mgumu na hutoa nyufa ndogo unapokunjwa.

Kuvisha huwa rahisi zaidi mtoto akiwa mkavu. Mguu ukivikwa mfuko laini wa plastiki kwanza, hupenya kwenye suti bila kung'ang'ania; mfuko huondolewa mara mguu unapotokea upande wa pili, wala haufai kuachiwa mtoto mdogo auchezee. Mpira huvutwa kwa ncha za vidole, maana kucha huuchana. Kumpeleka mtoto chooni kabla ya kumvisha huokoa muda mwingi.

Joto la hewa na joto la bahari

Bahari hupata joto na kulipoteza polepole kuliko nchi kavu. Kwenye pwani ya Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, maji huwa ya baridi zaidi mwishoni mwa Februari na Machi, yakiwa na takriban 9 °C hadi 10 °C. Hufikia kilele chake, takriban 16 °C hadi 17 °C, mwezi wa Agosti na Septemba.

Kwa sababu hiyo siku ya jua kali ya mwezi Mei inaweza kudanganya. Hewa huwa ya kupendeza, ufuko umejaa watu, lakini bahari bado imo katika baridi ya majira yaliyopita. RNLI, shirika la hisani la uokoaji baharini lililoanzishwa mwaka 1824, hutahadharisha kwamba maji yaliyo chini ya 15 °C yanaweza kuleta mshtuko wa maji baridi. Mtu anayetumbukia ghafla hushtuka, huvuta pumzi bila kutaka na kuhema kwa kasi. Ikiwa kichwa kimo ndani ya maji, anaweza kuzama hata kama anajua kuogelea. Hali hiyo kwa kawaida hupungua kabla ya sekunde 90 kupita. Shirika hilo hushauri aliyepatwa nayo aelee chali hadi pumzi itulie. Kuingia majini taratibu hupunguza mshtuko.

Baada ya kutoka majini

Mtoto anaweza kusikia baridi zaidi mchangani kuliko baharini. Kitambaa cha nje cha suti hushika maji, na upepo unapoyakausha huchukua joto la mwili. Suti huvuliwa mapema, mtoto hufutwa, na kuvishwa nguo kavu, soksi na kofia mahali palipokingwa na upepo. Kwa upande mwingine, mtoto anayechezea mchangani kwenye jua kali akiwa na suti nene anaweza kupatwa na joto kupita kiasi.

Dalili za mwili kupungukiwa joto ni kutetemeka, ngozi kupauka na kuwa baridi, usingizi, kuchanganyikiwa na kusema maneno yasiyoeleweka. Mtoto mchanga anaweza kulegea, kunyamaza kuliko kawaida na kukataa kunyonya. Kutetemeka kukikoma ilhali mwili bado ni baridi, hali imezidi kuwa mbaya. Mtu wa namna hiyo huvuliwa nguo za maji, hufunikwa kwa nguo kavu na blanketi, na hupewa kinywaji cha vuguvugu na kitu kitamu ikiwa yu macho kabisa. Hafai kutiwa kwenye maji ya moto wala kusuguliwa mikono na miguu. Msaada wa dharura huitwa mara moja. Nchini Uingereza ni kwa namba 999, na mtu akiwa ufukweni huomba walinzi wa pwani.

Mipaka ya vazi hili

Viputo vya gesi humfanya mtoto aelee kidogo, lakini suti si jaketi la kuokoa maisha. Haimgeuzi aliyezimia ili uso wake uwe juu ya maji, wala haimzuii kuchukuliwa na mkondo. Kwa kuwa inamwezesha kukaa majini muda mrefu na kwenda mbali zaidi, uangalizi wa mtu mzima huhitajika vilevile. Katika fuko zenye waokoaji nchini Uingereza, eneo la kuogelea huwa kati ya bendera mbili za nyekundu na njano, na bendera nyekundu pekee ina maana ya kutoingia majini.

Utunzaji na mazingira

Baada ya matumizi suti husuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuanikwa kivulini, ikiwa imegeuzwa ndani nje na kukunjwa kiunoni juu ya kamba. Maji ya moto na jua huharibu mpira na gundi.

Neopreni hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, au kwa mawe ya chokaa kama malighafi ya mwanzo. Vyote viwili hupitia kemikali iitwayo kloropreni. Mwaka 2010 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliiweka kemikali hiyo katika kundi la zile zinazoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, jambo lililozua malalamiko ya wakazi walio karibu na kiwanda cha LaPlace katika jimbo la Louisiana. Mwaka 2016 kampuni ya Patagonia ilianza kuuza suti za mpira wa asili unaotokana na utomvu wa mti wa mpira, na watengenezaji wengine wakafuata. Neopreni iliyotupwa haiozi na ni vigumu kuirejeleza, hivyo suti ya mtoto inayopitishwa kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo wake hupunguza taka pamoja na gharama.