Inaingia, lakini haiongei: kompyuta ya gemu kwa randi 6,000

Kwenye kipindi nilisema tu kwamba niliunda kompyuta ikanitesa wiki nzima, tukacheka, tukapita. Leo nawapa habari kamili, maana najua kuna mtu sasa hivi anahesabu randi zake, na sitaki yamkute yaliyonikuta.

Tunakaa Point, Durban, kwenye jengo la zamani karibu na Mahatma Gandhi Road, ambayo wazee wetu bado wanaiita Point Road. Dirishani tunaona meli zikiingia bandarini. Baba ametoka Tanga, ni fundi magari. Mimi nimezaliwa hapa, na Kiswahili changu ni cha nyumbani: cha chakula, cha kugombezwa, cha kumsalimia bibi kwenye simu. Cha kompyuta sikuwa nacho.

Bajeti ilikuwa randi 6,000. Nusu yangu, ya kazi za wikendi. Nusu nyingine Baba alinipa zamu yake ya upatu ilipofika. "Nakukopesha," akasema, "sikupi."

Nilinunua hivi, karibu vyote mitumba:

Prosesa Ryzen 5 3600: 1,000
Madabodi ya B450: 900
Ramu DDR4, GB 16: 600
Kadi ya grafiki RX 580, GB 8: 1,400
Pawa saplai mpya, wati 550: 900
SSD: 600
Kesi: 500

Jumla 5,900. Nikajiona mjanja kweli.

Kabla ya kununua nilikagua vitu vinne, na hivyo nawe kagua. Kwanza soketi: prosesa yangu ni ya AM4, na bodi ni ya AM4. Ukienda AM5, iliyotoka 2022, ujue inakubali DDR5 tu, kwa hiyo ramu zako za zamani hazina kazi pale. Pili ramu: DDR3, DDR4 na DDR5 kila moja ina pengo lake mahali tofauti, hata ukilazimisha haiingii. Tatu pawa saplai: RX 580 peke yake inakula kama wati 185, na lazima uwe na waya wake wa umeme. Usibane pesa hapo, nunua mpya. Nne kesi: pima urefu wa kadi kwa rula, usikisie.

Jumamosi nikafunga kila kitu. Nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini nyeusi tii.

Kosa la kwanza nililiona haraka: nilichomeka waya wa skrini kwenye bodi. Ryzen 5 3600 haina grafiki ndani yake, kwa hiyo waya lazima uende kwenye kadi. Nikahamisha. Bado nyeusi. Nikatoa ramu nikairudisha. Nikajaribu moja moja. Nyeusi. Nikampigia aliyeniuzia bodi, akasema kwake ilikuwa inafanya kazi vizuri, na pesa harudishi.

Siku nne sikumwambia Baba. Kila akiuliza "mashine vipi?" nasema "bado kidogo." Yaani nilikuwa naona zile 3,000 za upatu zimeshaungua.

Siku ya tano akaja akakaa kitandani kwangu na nguo za kazi. "Haya, nieleze. Polepole, kwa Kiswahili."

Nikaanza kubabaika. Hii ndiyo bodi, vitu vyote vinakaa juu yake. Hii ndiyo prosesa, ndiyo inafikiri. Inakaa hapa, inaingia vizuri kabisa.

"Kuingia si kuelewana," akasema. "Gari za siku hizi unaweza kufunga kipuri kinaingia mpaka boliti ya mwisho, lakini kontrol boksi haikijui, gari haliwaki. Hiyo bodi ni ya mwaka gani?"

Nikatafuta. B450 zilitoka 2018.

"Na hiyo inayofikiri?"

2019.

"Sasa bodi itamjuaje mtu aliyekuja baada yake? Nani kamtambulisha?"

Nilinyamaza, maana jibu nilikuwa nalo. Madabodi ina programu yake ndogo inaitwa BIOS, na humo ndimo bodi inazijua prosesa. Ikiwa ya zamani, prosesa mpya inakaa kwenye soketi bila shida lakini bodi haiitambui. Mwenye bodi alikuwa anatumia Ryzen ya kizazi cha kwanza, ya 2017. Hakunidanganya. Kwake ilifanya kazi kweli. Mimi sikuuliza toleo la BIOS.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi mjini. Akaweka prosesa yake ya zamani, akachomeka flashi yenye BIOS mpya kutoka tovuti ya watengenezaji, akasubiri, akarudisha yangu. Skrini ikawaka. Randi 150. Bajeti ikapita kwa 50, na nimeshazilipa.

Kwa hiyo ongeza swali la tano. Fungua tovuti ya mtengenezaji wa bodi, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, uone prosesa yako inataka toleo gani la BIOS. Kisha muulize muuzaji bodi yake ina toleo gani, na akutumie picha. Fanya hivyo hivyo kwa SSD za M.2: kuna za SATA na kuna za NVMe, zinafanana sana, lakini si kila tundu linakubali zote mbili. Soma karatasi ya bodi kwanza.

Na kwa tunaokaa karibu na bahari: usiiweke dirishani. Upepo wa hapa una chumvi na unyevu, feni zinauvuta ndani, na chuma kinashika kutu. Yangu iko upande wa mlangoni, na kila mwezi naifungua kuipangusa.

Deni la Baba nimelipa nusu. Sasa kila nikimwonyesha kitu mtandaoni nachotaka kununua, haulizi bei. Anauliza, "Wametambulishwa?"