Kina Mke California

Feni za rejeta zilianza kuzunguka, zikanyamaza, zikazunguka tena. Huko nyuma pampu ya mafuta nayo ikawa inagonga tik, tik, kama saa ya ukutani. Gari lilikuwa halijawashwa, ni swichi tu imefunguliwa. Fundi amelala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango. Alikuwa ameshaunganisha zile plagi mbili za kijani ambazo Subaru za miaka ile zinataka zikutane kwanza ndipo kompyuta ya injini ikubali kuandikwa upya. Shemeji ameshika kifaa cha kutyuni injini kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa kichanga. Kioo kikawaka, yakatokea maneno ya Kiingereza.

Akanipa nisome. Yalisema kifaa hiki kimeshafunga ndoa na gari lingine.

"Bosi," fundi akasema kutoka kule chini, "hiki kina mke Marekani, na talaka hajaandika."

Gereji nzima ya Ilala ikacheka, isipokuwa shemeji. Dola 280 zake zilikuwa zimeshakwenda kwa muuzaji wa California, na binamu aliyekuja likizo ya Krismasi ndiye aliyekibeba kwenye begi, kimeviringishwa ndani ya soksi. Kipya kingemgharimu zaidi ya dola 600. Aliona ameokota dodo chini ya mwarobaini.

Gari lenyewe ni Forester ya mwaka 2004 yenye turbo, ile ambayo kwenye kadi namba ya chasisi inaanza na SG5. Kwa nini mtu mwenye watoto watatu anataka gari la namna hiyo liongezewe nguvu, wakati tochi za trafiki zinamsubiri kila baada ya kijiji, hilo nilishamuuliza na sikupata jibu la maana.

Kazi ya kifaa si ngumu kuieleza. Kompyuta ya injini ina majedwali: mzunguko huu na mzigo huu, mwaga petroli kiasi hiki, piga cheche wakati huu, turbo isukume hewa mpaka hapa. Kifaa kinachomekwa kwenye plagi ya pini 16 chini ya usukani, ile ambayo magari madogo yote mapya ya Marekani yalilazimishwa kuwa nayo kuanzia ya mwaka 1996. Kinanakili majedwali ya kiwandani na kuyahifadhi tumboni mwake, kisha kinaandika mengine makali zaidi. Papo hapo kinajifunga. Baadhi hushika namba ya chasisi, vingine hushika kitambulisho cha kompyuta yenyewe. Kuanzia siku hiyo hakifanyi kazi kwingine mpaka kirudishwe kwenye gari lilelile, kirejeshe majedwali ya asili, ndipo kiwe huru. Watengenezaji kadhaa wa huko wanaliita jambo hili ndoa, kwa hiyo fundi wetu hakuwa mbali.

Mtu anaweza kusema kimefungwa hivyo kuilinda injini, na ukweli upo kidogo. Jedwali la gari moja ukilimimina kwenye lingine, mchanganyiko unaweza kuwa na petroli haba, injini ikagonga, na pistoni za Subaru za turbo hazina subira na kugonga huko. Lakini mimi naona biashara imetangulia. Kama kifaa kimoja kingetyuni magari ya mtaa mzima, wangeuza kimoja kwa mtaa.

Wanunuzi wa Kariakoo wanaijua hadithi hii kwa upande wa simu. Unaletewa simu kutoka Ulaya, imefungwa mtandao mmoja, unampelekea kijana mwenye kompyuta, anaiflashi, maisha yanaendelea. Shemeji alidhani ni hivyohivyo. Tofauti ni kwamba simu iliyofungwa haijabeba kitu cha mtu mwingine. Hiki kilichokuja ndani ya soksi kimebeba nakala ya kumbukumbu asilia za gari ambalo hatujawahi kuliona.

Tuliiandikia kampuni iliyokitengeneza. Ikataka risiti ya mnunuzi wa kwanza pamoja na namba za gari lake. Muuzaji, aliyekuwa akijibu baada ya dakika tano wakati wa kupatana bei, alinyamaza kabisa. Alichotakiwa kufanya kabla hajauza ni kukaa kwenye gari lake chini ya nusu saa, achomeke, achague kuondoa, asubiri. Nusu saa hiyo ndiyo hasa shemeji alipaswa kuinunua: video fupi ya kioo kinachoonyesha kifaa kiko huru, na namba yake ya serial iliyo mgongoni ionekane kwenye video hiyohiyo. Yeye alitumiwa picha ya boksi.

Hata kama talaka ingepatikana, sidhani ndoa ya pili ingefungwa. Vifaa hivi vingi vimeandaliwa kwa magari ya soko la Marekani, yenye chasisi ya herufi na tarakimu 17. Forester iliyotoka Japani ina SG5 na tarakimu sita, na kompyuta yake imepangwa kwa petroli ya huko, ambayo ile ya daraja la juu huuzwa ikiwa na oktani 100. Yetu ya vituoni haifiki hapo. Hilo fundi alilieleza huku akijipangusa mikono kwa tambara, na sura ya mtu aliyewahi kulisema mara nyingi bila kusikilizwa.

Kisha akatoa laptopu iliyopasuka kona na kebo ya Openport. Kebo hiyo haifungi ndoa na mtu. Kwa EcuFlash na RomRaider, programu za bure ambazo wapenzi wa Subaru duniani wanazitumia, alisoma kompyuta ya gari, akahifadhi nakala ya asili kwenye flash diski na kumkabidhi shemeji kabla hajagusa chochote. "Hii usiipoteze," alimwambia. "Hii ndiyo gari."

Kifaa cha California kikaingia droo ya kabati la TV, pamoja na rimoti zilizokufa.

Mwezi wa nne muuzaji akaibuka mwenyewe. Je, bado tunacho? Marekani hawachezi na moshi: mwaka 2016 Harley-Davidson ilikubali kulipa dola milioni 12 kwa ajili ya vifaa vya namna hii vya pikipiki. Na tangu Julai 2021 ukaguzi wa moshi wa California unasoma hata programu iliyomo kwenye kompyuta ya gari. Ikiwa imechezewa bila kibali, gari linafeli. Lake lilikuwa limefeli. Majedwali yake ya kiwandani yalikuwa Dar es Salaam, chini ya rimoti, labda amlipe dila amwandikie upya.

Shemeji alisoma ujumbe mara mbili, akaangua kicheko cha kwanza tangu Ilala. Kukituma ni karibu nusu ya bei aliyokinunulia. Anataka dola zake 280 na nauli ya bwana harusi juu. Jamaa anataka kulipa nauli tu.

Mpaka naandika haya, wako kwenye dola 150.