Kusi Hugawanywa kwa Wawili

Kati ya Juni na Agosti, anayetoka Mwenge kwa baiskeli kwenda Bagamoyo hubebwa. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na barabara inaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege zinampita upesi, karibu kilomita 60, hata ajione ana miguu ya bingwa. Deni hulipwa alasiri. Anayerudi siku hiyo hiyo anaupokea upepo usoni, na hapo mwenzake wa safari anakuwa na thamani inayoweza kupimwa kwa vipimo vya sayansi.

Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi ya hewa inayokupiga. Ukienda kilomita 20 kwa saa pasipo upepo, hewa inakupiga kwa 20. Upepo wa kilomita 15 ukija mbele yako, inakupiga kwa 35, ingawa minazi inakupita kwa mwendo ule ule. Ishirini mara ishirini ni 400; thelathini na tano mara thelathini na tano ni 1,225. Ukinzani umezidi mara tatu, na hujapanda mlima wowote.

Kisa ni mgongo. Hewa ikishampita mtu aliyekaa wima kwenye siti hushindwa kuufuata mwili wake. Inaachana naye na kuvurugika, na nyuma yake panabaki pengo lenye shinikizo dogo. Pengo hilo humvuta wa mbele kurudi nyuma, na ndilo hilo hilo linalomsitiri anayemfuata. Mwaka 1990 McCole, Hagberg na wenzao, nchini Marekani, walipima oksijeni inayotumiwa na waendesha baiskeli barabarani. Kwa kasi ya kilomita 32 kwa saa, aliyemfuata mwenzake alitumia oksijeni pungufu kwa asilimia 18 hivi. Kwa kilomita 40, asilimia 27. Wa mbele naye hapati hasara. Bert Blocken, akiwa mtafiti huko Eindhoven, Uholanzi, alionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba wa nyuma akisogea karibu kabisa, mwili wake hujaza pengo lile, na ukinzani wa aliye mbele hushuka kidogo, pengine asilimia 3.

Kukaa ndani ya sitara hiyo ni kazi ya imani. Tairi lako la mbele liko chini ya mita moja kutoka tairi la mwenzako. Lami huioni, unaona karia, mpira uliofungia mzigo, na visigino vikipanda na kushuka. Macho yako ni sauti yake: "Kaka, shimo kushoto!" Asipoita, wote wawili mnaanguka.

Wengi hupokezana zamu ya mbele sawa kwa sawa. Mimi naona si haki, na fizikia iko upande wangu. Mwenye nguvu akiongeza kasi zamu yake ifikapo, anamchosha mwenzake hata akiwa kwenye sitara, kwa kuwa gharama ya kasi hupanda haraka kuliko kasi yenyewe. Mwendo ubaki mmoja. Kinachobadilika kiwe urefu wa zamu. Aliye dhaifu akae mbele dakika mbili, mwenzake hata kumi, wala asione haya.

Sitara ina bei yake pia. Misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa mwendo. Sehemu kubwa iliyobaki ni joto, na joto hilo huondoka jasho linapokauka. Wa nyuma hapati upepo wa kulikausha, na katika unyevu wa pwani linamdondoka bure. Ndiyo maana yeye, anayefanya kazi kidogo, hapaswi kusahau maji yenye chumvi kidogo. Dafu ni tamu na lina potasiamu nyingi, lakini chumvi inayopotea kwenye jasho haliirudishi vya kutosha.

Upepo ukihamia upande wa bahari, mambo hubadilika. Sasa unatoka kushoto, na sitara inasogea nyuma upande wa kulia, yaani kwenye njia ya malori. Pale usiifuate. Kaeni mstari mmoja ukingoni, kila mtu abebe sehemu yake ya upepo. Mkifika Bunju, daladala zinaposimama ghafla na mwendo ukashuka chini ya kilomita 15 kwa saa, faida ya kufuatana karibu inakuwa ndogo mno kulinganisha na hatari yake. Achaneni mita kadhaa, kila mmoja aione barabara kwa macho yake mwenyewe.