Dhahabu ya Pete Yako Ilipikwa Wapi?

Ndugu msomaji, hebu itazame pete iliyo kidoleni mwako, au hereni za bibi zilizofungwa kitambaani ndani ya sanduku. Sonara hakuiumba dhahabu hiyo. Mchimbaji naye aliikuta tu mwambani. Wala dunia yetu haikuiumba. Ilipoanza kuwako, dhahabu ilikuwapo tayari.

Jua halina uwezo huo. Kazi yake ni kuunganisha viini vya haidrojeni viwe heliamu, nasi tukapata joto na nuru. Nyota kubwa zaidi huendelea kuunganisha hadi kufikia chuma, na hapo kazi hukwama, kwani kuunganisha chuma hakutoi nguvu bali hula nguvu. Kiini cha chuma kina protoni 26; cha dhahabu, 79. Ili kulivuka pengo hilo, kiini sharti kimeze chembe ziitwazo nyutroni. (Wazee wa kale waliochemsha risasi wakitumaini dhahabu walikosa moto, si bidii.)

Mwaka 1952 Mmarekani Paul Merrill aliuchambua mwanga wa nyota fulani nyekundu, kama matone ya mvua yanavyouchambua mwanga wa jua ukawa upinde. Kila elementi huacha mistari yake katika mwanga huo, mfano wa alama za vidole. Merrill akaona mistari ya teknishiamu, elementi isiyodumu: hata aina yake iishiyo zaidi hupungua nusu kila miaka milioni 4 hivi. Nyota zile zilikuwa na umri mkubwa mno kuliko huo. Basi hazikuirithi, ziliipika zenyewe.

Lakini jiko la namna hiyo ni la polepole. Dhahabu nyingi yahitaji nyutroni tele kwa kishindo kimoja. Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya LIGO huko Marekani ilinasa mtetemo wa nyota mbili za nyutroni zilizogongana. Nyota ya aina hiyo ni nzito kuliko Jua, lakini upana wake ni kilomita 20 hivi, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli. Mtambo wa Virgo, Italia, uliusikia mtetemo kwa udhaifu sana, na udhaifu huo ndio uliosaidia kujua upande ulikotoka. Baada ya saa 11 hivi, darubini moja nchini Chile iliuona mng'ao wenyewe, umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Ulianza na rangi ya buluu, ukageuka mwekundu kwa siku chache, kama ilivyotabiriwa kwa elementi nzito.

Mwaka 2019 mistari ya strontiamu ilitambuliwa katika mwanga huo. Ya dhahabu yenyewe haikuonekana, na ndiyo maana ubishi haujaisha. Mwaka 2025 watafiti waliofukua kumbukumbu za mlipuko wa Desemba 2004, wa nyota ya nyutroni yenye sumaku kali ajabu, walikuta humo dalili za jiko la pili.