Fahamu, Roho na Kifo cha Ubongo

Swali la iwapo fahamu ya binadamu hudumu baada ya ubongo kufa, likiulizwa kwa Kiswahili, huelekea kujibiwa kabla halijachunguzwa. Mgonjwa hupoteza fahamu kisha hurejewa nayo. Anayekufa hukata roho au hufariki, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha kutengana. Anayesema fulani amefariki amekwisha kukubali, pengine bila kukusudia, kwamba kuna kilichoondoka. Lakini lugha haikusema kwamba kilichoondoka ni fahamu.

Mila nazo hazisemi hivyo waziwazi. Mkazi wa Ibaba, wilayani Ileje, ana mfano wa karibu katika wilaya jirani ya Rungwe, alikofanya utafiti Monica Wilson katika miaka ya 1930. Katika kitabu chake cha mwaka 1957 alieleza kwamba matambiko ya mazishi ya Wanyakyusa yalikusudiwa kumtenga marehemu na wafiwa, asiwaandame ndotoni. Yakipuuzwa, ilihofiwa kwamba mfiwa angepata wazimu. (Si ajabu kwamba Kiswahili kinaweka wazimu karibu na mzimu.) John Mbiti naye, mwaka 1969, alitumia maneno yetu sasa na zamani: mfu anayekumbukwa kwa jina yumo katika sasa, na wote waliomjua wakiisha kufa, huzama katika zamani. Hoja hiyo ni nzito, ila inahusu nafasi ya marehemu miongoni mwa walio hai. Kumbukumbu hiyo imo katika bongo za wengine.

Wengine hutegemea ushahidi wa hospitali. Pim van Lommel wa Uholanzi alichapisha mwaka 2001 utafiti wa wagonjwa 344 waliookolewa baada ya moyo kusimama. 62 walisimulia mambo waliyoyaona au kuyahisi wakati huo. Masimulizi hayo yanastahili heshima, lakini hayajibu swali letu. Moyo kusimama si ubongo kufa. Mwaka 2023 Jimo Borjigin na wenzake wa Marekani walieleza kwamba, kati ya wagonjwa 4 walioondolewa mashine ya kupumulia, 2 walionyesha ongezeko la mawimbi ya kasi ya ubongo walipokuwa wakifa. Wote wanaosimulia ni waliorudi. Aliyethibitishwa kwamba ubongo wake umekufa harudi.

Jamaa anayeona kifua cha mgonjwa kingali kikipanda na kushuka kwa mashine, akiuliza kama bado anamsikia, anauliza juu ya fahamu, na jibu la tiba ni hapana. Akiuliza roho i wapi, daktari hana kipimo chake. Hilo atamwuliza shehe, padri au mzee wa ukoo.